Gurupe ya koperative: namna inafanya umeme, na kile haiwezi kufanya

Wandugu wakulima, tulifika mu koperative moja ya mahindi, upande wa milima ya Lubero, saa kumi ya magaribi. Watu walikuwa wamejipanga mbele ya depo na ndoo na mifuko. Siku ile walikuwa wanafungua mashini yao mupya ya kusaga. Ni mashini ya umeme. Motere yake imeandikwa kilowati 2.2, ni kusema farasi 3. Pembeni, chini ya muti wa avoka, kulikuwa gurupe mupya ya esansi, imeandikwa 3 kVA. Vyote viwili vilinunuliwa na feza ya michango ya misimu 2.

Prezida akavuta kamba. Gurupe ikaitika mara moja, lampe ya depo ikawaka, wamama wakapiga vigelegele. Kisha kijana mumoja akabonyeza kifungo cha mashini ya kusaga. Gurupe ikatoa sauti ya lori yenye inapanda mulima na muzigo mingi. Lampe ikageuka rangi ya machungwa, mashini ikatetemeka pale pale bila kuzunguka, na gurupe ikazimika. Walijaribu mara 4. Mara ya 4 tulisikia harufu ya kitu kinaungua, tukaomba waache.

Mama mumoja, ndoo yake ingali ku kichwa, akatuuliza: "Agronome, 3 haipite 2.2?"

Ni ulizo la akili, na siku ile hatukumujibu vizuri. Tulisoma kilimo, hatukusoma umeme. Lakini kwa kutembea mu makoperative tumeona gurupe mingi zikikufa kama kuku wakati wa kideri, na karibu kila mara ni kwa sababu ya kutojua kile kinafanyika ndani ya ile sanduku ya chuma. Kwa hiyo tuliuliza mafundi, tukafungua moja yenye ilikuwa imekufa, na hapa tunajaribu kumujibu yule mama, pamoja na ninyi wote wenye munapanga kununua.

Nusu mbili ku muti mumoja

Gurupe ni vitu 2 vyenye vimeunganishwa ku muti mumoja wa chuma wenye unazunguka. Upande mumoja ni motere, ndugu ya motere ya pikipiki. Upande mwingine ni alternatere, ile yenye inafanya umeme. Motere haijui umeme. Kazi yake ni kuzungusha tu. Alternatere haijui esansi. Yeye anaomba tu kuzungushwa.

Motere tunaijua kidogo sababu ya pikipiki. Pistoni inashuka, inavuta hewa yenye imechanganywa na esansi kutoka ku karburatere. Inapanda, inabana ule muchanganyiko. Buji inapiga cheche, muchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Inapanda tena, inatosha moshi. Mipigo 4, na ni mumoja tu wenye unaleta nguvu. Mingine 3 inakula nguvu kidogo. Mu gurupe yenye inazunguka mara 3000 kwa dakika, ule moto unawaka mara 25 kila sekunde. Ndiyo maana inalia vile.

Kuna pia zile ndogo sana, za wati 650 hivi, zenye mutu mumoja anabeba ku mukono. Nyingi ni za mipigo 2, na hazina fasi ya kuweka mafuta ya motere. Mafuta yake yanachanganywa ndani ya esansi, mara nyingi mililita 20 kwa lita 1. Mutu mwenye anatia esansi tupu mu gurupe ya namna hiyo, anaiua siku ile ile.

Alternatere ndiyo yenye watu wengi wanaona kama uchawi. Wazee wenye walikuwa na kinga ya zamani wanakumbuka dinamo, ile chupa ndogo yenye inasugua tairi kusudi lampe iwake usiku. Ndani ya dinamo kuna sumaku yenye inazunguka karibu na nyuzi za shaba. Sumaku ikitembea karibu na waya, umeme unaanza kutembea ndani ya waya. Muingereza Michael Faraday alionyesha jambo hilo mu mwaka wa 1831, na mpaka leo hatujapata njia ingine kubwa ya kufanya umeme kwa kuzungusha. Ku barrage za Ruzizi na za Inga ni hivyo hivyo: sumaku inazunguka karibu na shaba. Pale maji ndiyo yanazungusha. Kwetu ni esansi.

Mu gurupe, sumaku haiko kipande cha sumaku cha kawaida. Ni chuma chenye kimezungushiwa nyuzi, na umeme kidogo unapita ndani yake kusudi kiwe sumaku yenye nguvu. Lakini ule umeme wa kwanza unatoka wapi, kama gurupe haijafanya umeme bado? Chuma kinabakia na usumaku kidogo tangu mara ya mwisho. Inaanza na ule kidogo, unazaa umeme kidogo, ule umeme unaongeza sumaku, na hivyo hivyo mpaka nguvu inatimia, kwa sekunde moja hivi. Gurupe yenye imelala miezi mingi mu kona ya depo inaweza kusahau ule usumaku. Motere inazunguka vizuri, lakini lampe haiwake. Musikimbilie kusema alternatere imeungua. Fundi anaweza kuiamsha kwa batri mu dakika chache. Tunajua koperative moja yenye iliuza gurupe nzima kwa bei ya chuma kwa sababu hiyo.

Lampe inavuta kamba

Sasa turudie ku kinga, sababu jibu la yule mama liko pale. Ukipanda kinga usiku na dinamo imeshikamana na tairi, pedale zinakuwa nzito. Sehemu ya ule uzito ni kusuguana tu. Lakini sehemu ingine inakuja wakati lampe inawaka: umeme wenye unapita mu nyuzi za shaba unafanya sumaku yake, na ile sumaku inazuia ya kwanza isizunguke. Lampe inakula nguvu za miguu yako.

Mu gurupe ni vilevile. Bila kitu ku prizi, motere inazunguka mwepesi. Ukichomeka lampe, alternatere inakuwa nzito kidogo. Ukichomeka pasi ya umeme, inakuwa nzito sana. Kila wati moja yenye munatosha ku prizi, motere inailipa kwa kusukuma.

Tena motere haina ruhusa ya kupunguza mwendo. Umeme wa kwetu ni volti 220 na mara 50 kwa sekunde. Kwa gurupe ndogo nyingi, ile mara 50 inatoka ku mizunguko 3000 kwa dakika. Gawanya kwa sekunde 60, utapata 50. Motere ikienda polepole, umeme unaharibika. Ikienda mbio sana, volti zinapanda na zinaunguza shaji za telefone. Kwa hiyo ndani ya motere kuna vizito vidogo vyenye vinazunguka na vinasukuma kijiti. Muzigo ukiongezeka, motere inataka kuchoka, kijiti kinafungua karburatere zaidi, esansi mingi inaingia. Muzigo ukipunguka, kinafunga. Ndiyo ile sauti munasikia inabadilika wakati mutu anachomeka kitu.

Pale pembeni kuna vise ndogo yenye inapanga ule mwendo. Tumeona mafundi wa kando ya barabara wanaikaza "kusudi gurupe iwe na nguvu". Haiongezi nguvu hata kidogo. Inaongeza mwendo na volti, na kiisha siku 2 radio ya koperative imekufa.

3 haipite 2.2?

Hapa tulikaa na kaye na kalamu, na tunaomba na ninyi mufanye hesabu pamoja na sisi mbele ya kwenda ku duka.

Kwanza, angalieni kile kimeandikwa ku gurupe. Mara nyingi kuna namba 2: moja ni nguvu ya juu kabisa, yenye inaweza kubeba kwa muda mufupi, na ingine ni nguvu ya kila wakati. Muuzaji anaonyesha ile kubwa. Ninyi muhesabu na ile ndogo.

Pili, kVA haiko kilowati. Motere za umeme zinavuta kuran fulani yenye haifanyi kazi ya kusaga, ni ya kutengeneza sumaku yao tu. Mafundi wanazidisha kVA mara 0.8. Kwa hiyo 3 kVA inabakia kilowati 2.4.

Tatu, na hili wauzaji wa mujini hawalisemi: mulima unakula nguvu. Namba yenye imeandikwa ku motere kwa kawaida ni ya fasi ya chini, karibu na bahari. Juu ya mulima hewa ni nyepesi, motere inavuta hewa kidogo kila mara pistoni inashuka, na bila hewa esansi haiwake yote. Hesabu ya kawaida ni kupoteza karibu 1 juu ya 100 kila mita 100 za kupanda. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500. Kule kwa yule mama tulikuwa karibu mita 1900. Sehemu karibu 1 juu ya 5 imepotea. Kilowati 2.4 imebakia 1.9.

Ine, ile 2.2 yenye imeandikwa ku mashini ni nguvu yenye motere inatoa kwa kusaga. Kwa kuitoa, yenyewe inavuta zaidi, karibu 2.7, sababu ingine inapotea kama joto. Sasa tuko na 1.9 mbele ya 2.7, na bado hatujafika ku jambo kubwa.

Jambo kubwa ni kuanza. Mumeisha kusukuma gari lenye limesimama mu matope? Kulitosha pale ni kazi kubwa; likiisha kutembea, watu 2 wanatosha. Motere ya umeme yenye imesimama inavuta kuran mara 5 mpaka mara 7 ya ile inavuta wakati inazunguka. Ni kwa sekunde chache tu, lakini zile sekunde gurupe inapaswa kuzibeba. Kama haiwezi, volti zinaanguka, mashini haizunguki, na kwa sababu haizunguki inaendelea kuvuta ile kuran kubwa ya kuanzia. Nyuzi zake zinaanza kupika. Ile harufu ya mara ya 4 ilikuwa hiyo.

Mafundi wanashauri gurupe ya angalau mara 3 ya kilowati za motere yenye itaianzisha. Kwa mashini ya 2.2 ni karibu 8 kVA mu fasi ya chini, na mu milima ya Lubero karibu 10. Gurupe ya 10 kVA ni feza ingine kabisa, na inakunywa ingine kabisa.

Hapa tunatoa mawazo yetu, na tunajua wamoja wenu hawatayapenda kwa sababu umeme unaonekana ni maendeleo. Kama kazi ni kusaga tu, musinunue gurupe. Nunueni motere ya mazutu yenye inazungusha mashini moja kwa moja kwa mukanda, kama zile za zamani. Kwa gurupe, munageuza esansi kuwa muzunguko, muzunguko kuwa umeme, na umeme kuwa muzunguko tena, na kila mara munageuza, kuna kitu kinabaki njiani. Mukanda unapoteza kidogo tu. Na mukanda ukikatika, munajua kuutengeneza.

Lita moja inaenda wapi

Lita moja ya esansi ina nguvu ya karibu kilowati-saa 9. Gurupe ndogo nzuri, yenye inabeba muzigo wa kutosha, inatosha mule karibu 1.5 mpaka 2. Ile ingine yote inatoka kama joto, sauti na moshi. Shikeni mukono karibu na bomba la moshi, mutaona feza yenu inaenda wapi.

Tena gurupe yenye inafanya kazi ndogo haikunywi kidogo vile munazani. Motere inapaswa kujizungusha yenyewe mara 3000 kwa dakika hata kama ku prizi kuna ampuli moja. Gurupe ya 2 ao 3 kVA yenye inawasha ampuli 5 za wati 9 inaweza kumaliza karibu nusu lita kila saa, kwa kazi ya wati 45 tu. Usiku muzima kwa lampe ya mulinzi ni kuchoma michango ya wanamemba. Kwa lampe, paneli ndogo ya jua na batri inashinda.

Gurupe inafaa wakati kazi mingi zinakutana saa moja. Telefone 40 zenye kila moja inavuta wati 5 ni wati 200. Ongezeni lampe, radio, mashini ya kuchapisha karatasi za komite, na muzigo unaanza kuwa na maana. Koperative zenye zinafanya vizuri zinachagua siku 2 mu juma na masaa fulani, kila mutu analeta telefone yake na analipa, kisha wanazima.

Muianzishe bila kitu ku prizi. Muiache ipate joto dakika 2 ao 3. Muchomeke kile kikubwa kwanza, kisha vidogo, kimoja kimoja. Wakati wa kuzima mutoshe vyote, iende mutupu kidogo, kisha muzime. Na waya wa kuvutia umeme uwe munene. Ule mwembamba wa lampe, ukiuvuta mita 50 mpaka ku mashini, unakula volti na unapata joto.

Mafuta ya motere na kaye

Motere ya gurupe ya 2 ao 3 kVA inabeba mafuta karibu lita 0.6 tu. Chupa moja ya bia, na bado nafasi inabakia. Hakuna pampu kubwa ndani. Kijiko kidogo kinarusha yale mafuta ku vyuma. Kama yamepunguka kidogo ao gurupe imekaa ku mutelemko, kijiko kinapiga hewa. Gurupe mingi zina kitu chenye kinazima motere mafuta yakipunguka. Tumeona fundi anakata waya wake kwa sababu "inasumbua". Gurupe ile iliishi juma moja.

Mafuta ya kwanza yanatoshwa kiisha saa 20, kwa sababu motere mupya inaacha unga wa chuma ndani. Kisha kila saa 100. Kila siku mbele ya kuvuta kamba, muangalie kipimo, gurupe ikiwa baridi na imekaa sawa. Tunaomba kila koperative iwe na kaye ya gurupe: siku, saa ya kuanzisha, saa ya kuzima, lita za esansi, mafuta, jina la mwenye aliianzisha. Bila kaye hakuna mutu anajua saa 100 imefika lini, na esansi inapotea bila mutu kuiba mbele ya macho yenu.

Filtere ya hewa inasahauliwa kabisa, zaidi fasi kuna unga. Unga wa mahindi na wa muhogo unaifunga, motere inakosa hewa, inatoa moshi mweusi na inakunywa mara mbili. Kama ni ya sponji, muifue na maji ya sabuni, ikauke vizuri, mutie tone la mafuta ya motere na mukamue.

Na esansi. Wengi wetu tunanunua kwa kadafi, kando ya barabara, mu chupa. Hatusemi muache, kituo kiko mbali. Lakini mutie mu chupa yenye inaonyesha ndani, muiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini, mutayaona. Kisha mupitishe mu kitambaa safi. Kama gurupe italala zaidi ya mwezi, mufunge robine ya esansi na muache motere imalize ile yenye imebaki mu karburatere mpaka izimike yenyewe. Esansi yenye inalala mule inageuka kama ulimbo na inafunga vishimo vidogo.

Moshi wenye haunuki

Hili ndilo lilitufanya tuandike.

Mu koperative ingine, ya kahawa, yenye hatutaji jina, watu 3 walikuwa wanamaliza hesabu usiku: katibu, mutunza feza na mulinzi. Gurupe ilikuwa inje. Mvua ikaanza, na mu kijiji kulikuwa maneno ya wezi. Wakaisukuma ndani ya depo, mu kona, wakaacha mulango wazi kidogo kusudi moshi utoke. Waliona wamefanya vizuri.

Kiisha muda mutunza feza akasema kichwa kinauma. Katibu naye alikuwa anasikia kutapika. Walizani ni malaria, ao njaa, kwa sababu walikuwa hawajakula. Mulinzi alikuwa amelala ku mifuko, hakuna mwenye alimushangaa, ilikuwa usiku. Katibu akatoka kwenda kukojoa, miguu ikakataa, akaanguka mu matope. Ni ile hewa ya inje ndiyo ilimuamsha. Akalia, majirani wakaja, wakazima gurupe, wakavuta wale 2. Mulinzi hakuamuka. Walimupeleka ku santre ya afya ku pikipiki, kati ya watu 2, mu mvua. Aliishi. Tulipomuona kiisha juma 2, alikuwa bado anasema kichwa chake hakijarudia fasi yake.

Mu moshi wa gurupe kuna hewa ya sumu yenye inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ile munasikia inanuka ni vitu vingine vya moshi. Sumu yenyewe haijionyeshi. Mu damu, inashikamana na fasi ya kubebea hewa nzuri kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa nzuri yenyewe. Mutu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi kitu. Mwenye amelala hasikii kichwa kuuma; anapita mu usingizi moja kwa moja.

Mulango wazi hautoshi. Dirisha wazi halitoshi. Veranda yenye kuta 3 haitoshi. Gurupe ikae inje kabisa, angalau mita 6 kutoka ku mulango na dirisha lolote, na bomba la moshi liangalie fasi hakuna watu. Juu ya mvua, muijengee paa ndogo ya bati bila kuta. Juu ya wezi, mupande nguzo ya chuma mu sima na muifunge na mnyororo. Mnyororo na kufuli ni bei ndogo.

Kama watu 2 ao 3 wenye wako fasi moja na gurupe wanaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika kwa wakati mumoja, hiyo haiko malaria. Malaria haishiki watu 3 mu saa moja. Wote watoke inje mara moja, ndipo mutu azime gurupe. Mwenye hajisikii vizuri apelekwe ku santre, na muambie muuguzi kwamba kulikuwa gurupe, kusudi asianze kutafuta ugonjwa mwingine.

Kuna mambo 2 mafupi bado. Musitie esansi wakati motere ina joto. Muzime, mungojee dakika 15, na mwenye sigara aende mbali. Na kwa wale wenye wako na laini ya SNEL mu kijiji: musichomeke gurupe mu prizi ya nyumba kwa waya wenye meno pande zote 2. Umeme wenu unatoka kwenye laini, unaenda mpaka ku transfo, unapanda volti, na unangojea fundi mwenye amepanda nguzo akijua kwamba kuran imekatika.

Kule Lubero

Koperative ile ya mahindi iliita fundi mumoja mwenye anajua mashini za mukanda. Alitosha motere ya umeme, akaweka puli, na msimu wenye ulifuata walinunua motere ya mazutu, ya zamani lakini yenye afya. Sasa mashini inasaga. Motere ya umeme iko mu depo, inangojea mununuzi, na hatuwezi kuwaahidi kwamba ile kuungua ya mara ya 4 haikuharibu kitu.

Gurupe iko inje, chini ya bati, mita 9 kutoka ku mulango. Tulipima na hatua. Inafanya kazi jumanne na ijumaa, saa 12 mpaka saa 4 ya usiku, kwa telefone na kwa kazi ya komite. Yule mama mwenye alituuliza ulizo ndiye anashika kaye. Tulipopita mara ya mwisho, kaye ilikuwa imefika saa 96, na chupa mupya ya mafuta ya motere ilikuwa imeshafika, imesimama ku dirisha pembeni ya mizani.